Somo la Mwezi: Boharia Mkristo na Kalamu Yake

(Kabla ya kuendelea soma Ezra 8:24-34 na Nehemia 13:4-14.)



Katika mitaa yetu wamo Wakristo wengi wanaofanya kazi ya ugavi serikalini: maboharia na maafisa ununuzi wa halmashauri, wa hospitali na wa shule. Kazi yao haitajwi sana mimbarani. Twawaombea walimu na waganga kila Jumapili, lakini yule atunzaye chaki za mwalimu na dawa za mganga twamwita "mwenye funguo", kana kwamba ameajiriwa kufungua mlango na kuufunga.

Tuitazame kazi yenyewe. Gari la mzabuni likifika, boharia hana budi kulinganisha hati ya kuagizia na hati iliyokuja na mali, kisha ahesabu mali yenyewe kwa mkono wake. Iliyo pungufu au mbovu huiandika hivyo hivyo. Ndipo huingiza hesabu katika leja na katika kadi ya kila kitu, na kinachosomwa kwenye kadi sharti kionekane rafuni. Hatoi kitu bila hati yenye saini. Dawa zinazokaribia kuisha muda hutoka kwanza, hata kama zililetwa mwisho. Tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha ufungwapo, yote huhesabiwa upya, hata mifagio.

Wengine huona huku ni kutoaminiana. Ezra hakuona hivyo. Alipotoka Babeli aliwateua wakuu wa makuhani kumi na wawili, akawapimia fedha, dhahabu na vyombo vya nyumba ya Mungu. Fedha peke yake ilikuwa talanta 650. Walikuwa watu watakatifu, naye mwenyewe aliwaambia hivyo, na bado aliwapimia. Safari ile ilichukua miezi, na walipofika Yerusalemu, siku ya nne, vyote vilipimwa tena mbele ya makuhani wawili na Walawi wawili, na uzani ukaandikwa. Angalieni kwamba waliobeba sio waliopokea. Hata leo Serikali yetu hutaka kazi hizi zigawanywe: anayehitaji mali, anayeinunua na anayeikagua wakati wa kupokea wasiwe mtu mmoja. Makuhani wale walipokabidhi mzigo wao, hakuna aliyeweza kuwasingizia njiani wala baadaye. Hesabu iliwalinda.

Sasa tuje kwenye jaribu. Boharia mwizi anayebeba mali usiku tumemsikia wote, wala hahitaji somo refu. Jaribu la kawaida huja mchana, kwa upole, mwezi wa Juni. Fedha za idara zisipotumika zitarudi Hazina. Mzabuni ameleta mifuko 30 ya saruji badala ya 50, naye asema, "Baba, tia saini tu, iliyobaki italetwa Jumatatu." Mkubwa wa kazi naye ana haraka. Boharia akitia saini ya 50, mzabuni hulipwa ya 50. Pengine mifuko ile 20 italetwa kweli. Lakini siku ile kalamu yake imeshuhudia jambo asiloliona kwa macho, na hilo ni ushuhuda wa uongo, awe amepokea shilingi au hakupokea. Isipoletwa, darasa litabaki bila sakafu, na leja itasema sakafu ipo. Kwa dawa ni vibaya zaidi, maana mama aliye kitandani hatibiwi kwa maandishi ya leja. Tangu mwaka 2023 zabuni za Serikali hupitishwa katika mfumo wa kompyuta uitwao NeST, na ni msaada mkubwa. Lakini kompyuta haishuki chini kuhesabu mifuko garini.

Basi afanyeje? Aandike 30. Asiandike barua ya lawama, wala asigombane na mtu langoni. Aandike 30, atie saini na tarehe, kisha amjulishe mkubwa wake kwa maandishi. Huenda akanuniwa. Huenda akahamishwa, na yatupasa kusema hivyo wazi, tusimdanganye ndugu yetu kwamba uaminifu hauna gharama.

Lakini neno hili si la maboharia peke yao. Katika Nehemia 13 twasoma juu ya Tobia, aliyepewa chumba kikubwa katika ghala ya hekalu, mahali palipowekwa nafaka, divai na mafuta ya Walawi. Nani alimpa? Kuhani Eliashibu, kwa sababu ya undugu. Nehemia aliporudi kutoka kwa mfalme alikuta Walawi na waimbaji wamekimbilia mashambani, maana hawakupewa posho yao. Akavitupa nje vyombo vya Tobia, vyumba vikatakaswa, kisha akaweka watunzaji wanne waliohesabiwa kuwa waaminifu, kuhani, mwandishi, Mlawi na msaidizi wao.

Ghala ile iliharibiwa kutoka ndani ya hekalu. Na sisi je? Kanisa likijenga, ni nani humwendea boharia wetu na kumwambia, "Huko kwenu hakukosekani mabati mawili matatu ya kazi ya Mungu"? Ni mzee wa kanisa. Akikataa, twasema ana moyo mgumu. Harusi ikija twamwandikia mchango mkubwa kuliko mshahara wake, kisha twashangaa.

Kwa mazungumzo ya vikundi vya nyumbani: Je, katika mtaa wetu tumewahi kupokea kitu bila kuuliza kilikotoka? Na boharia aliyeandika 30 akihamishwa mbali na watoto wake, sisi kama mtaa tutamfanyia nini, mbali na kumwombea?