Kutoka Kabureta Hadi Injekta: Namna ya Kuchagua Presha ya Mafuta na Regulata

Wamiliki wengi wa magari ya zamani, kama Land Rover Series III, Peugeot 504 au Volkswagen Beetle, hutamani kung'oa kabureta na kufunga injekta ili gari liwake kwa urahisi na litumie petroli kwa kipimo. Fedha nyingi huishia kwenye injekta na kompyuta ya injini, na regulata ya presha hununuliwa mwisho, kwa kuangalia bei tu. Tunashauri mpangilio huo ubadilishwe. Kompyuta haipimi petroli inayoingia kwenye injini. Huikadiria kwa kuamini kwamba presha iko pale ilipoelezwa. Regulata ikikosea, hesabu yote hukosea.

Presha inayohitajika

Presha hupimwa kwa baa, na baa 1 ni takriban paundi 14.5 kwa inchi ya mraba. Kabureta huhitaji presha ndogo, kwa kawaida baa 0.2 hadi 0.35. Mfumo wenye injekta moja kwa kila silinda mara nyingi huhitaji baa 3, na baadhi huhitaji baa 4. Kwa hiyo pampu ya zamani inayoendeshwa na injini haiwezi kuhudumia injekta. Vilevile, pampu ya injekta isiunganishwe moja kwa moja na kabureta: presha yake huishinda sindano ya boya, na petroli hufurika juu ya injini yenye moto.

Presha sahihi ni ile ambayo mtengenezaji wa injekta na mtayarishaji wa kompyuta wameitaja. Kuipandisha kwa matumaini ya kupata nguvu zaidi ni kosa. Mtiririko wa petroli huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha: kutoka baa 3 hadi baa 4, injekta ileile hutoa takriban asilimia 15 zaidi. Kompyuta isipoelezwa badiliko hilo, injini hupata petroli ya ziada, moshi huwa mweusi na plagi huchafuka. Presha ikiwa chini ya ile iliyopangwa, petroli hupungua, na injini inayobeba mzigo mlimani huweza kupata joto kali na kuunguza pistoni.

Kazi ya regulata

Ndani ya regulata kuna kiwambo kinachokandamizwa na springi. Presha ikizidi kipimo, kiwambo husogea na petroli ya ziada hurudi kwenye tangi. Regulata nyingi zina pia kijibomba kinachounganishwa na manifoldi ya kuingizia hewa. Injini inaponguruma polepole, mvutano wa hewa ndani ya manifoldi huwa mkubwa. Regulata hushusha presha kwa kiasi hichohicho, ili tofauti kati ya pande mbili za injekta isibadilike. Kwa sababu hiyo, regulata iliyopangwa kwa baa 3 huweza kuonyesha takriban baa 2.4 wakati injini inanguruma polepole. Hilo si hitilafu. Hata hivyo, katika mifumo ambayo injekta hunyunyiza petroli juu ya kilango cha hewa, kijibomba hicho kwa kawaida hakiunganishwi. Fuata maelezo ya mfumo ulionunua.

Bomba la kurudishia mafuta

Magari mengi ya kabureta hayana bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Tuchukue injini ya Land Rover ya lita 2.25 inayotoa takriban nguvu za farasi 75. Ikifanya kazi kwa uwezo wake wote, hutumia karibu lita 23 za petroli kwa saa. Pampu inayosukuma lita 120 kwa saa itakuwa na lita 97 za kurudisha, na injini ikinguruma polepole, karibu zote hurudi. Bomba la kurudishia likiwa jembamba, petroli hukwama na presha hupanda hata kama regulata ni nzima. Pampu kubwa kupita kiasi huongeza tatizo hilo.

Mipira nayo ibadilishwe. Ule wenye alama SAE J30R7 ni wa presha ndogo. Kwa injekta, tafuta wenye alama SAE J30R9. Mpira usiofaa hupasuka na kurusha petroli kwenye bomba la moshi lenye moto. Pampu iunganishwe kwa namna ambayo hujizima yenyewe injini inapozimika, ili baada ya ajali isiendelee kumwaga mafuta.

Kabla ya kulipa

Mwulize fundi maswali haya, na majibu yaandikwe kwenye makubaliano:

1. Injekta hizi zimepimwa kwa presha ya baa ngapi, na kompyuta imepangwa kwa baa ngapi?
2. Regulata hii inaweza kupitisha lita ngapi kwa saa, na pampu inasukuma ngapi?
3. Mafuta ya ziada yanarudi wapi, na kwa bomba la upana gani?
4. Mipira ina alama gani?

Wakati wa kukabidhiwa gari, omba geji ifungwe mbele yako. Pampu ikifanya kazi huku injini imezimwa, geji ionyeshe presha iliyokubaliwa. Injini ikiwaka, fundi achomoe kijibomba cha mvutano: presha inapaswa kupanda. Ndani ya kijibomba hicho kukiwa na petroli, kiwambo kimetoboka na regulata haifai. Pampu ikizimwa na presha ikaanguka mara moja, chanzo kitafutwe kabla gari halijaondoka.

Dai risiti inayotaja aina ya regulata, kipimo cha presha na muda wa dhamana. Risiti yenye neno "vipuri" peke yake haitakusaidia siku utakapolalamika.