Mtihani wa Dawa au Mtihani wa Lugha?

Wenzangu wa Elimu, tuanze na swali la tathmini. Mtu anajua kupima dawa ya kunyunyizia mazao, anajua glavu zipi avae, anajua watu wakae nje ya shamba muda gani baada ya kunyunyiza. Anafanya mtihani, anafeli kwa sababu karatasi ni ya Kiingereza. Hapo tumepima nini?

Swali hili lipo kweli huko Marekani, ambako wafanyakazi wengi wa mashambani wanazungumza Kihispania. Kanuni ya kuwalinda dhidi ya viuatilifu ilitolewa na shirika la mazingira la EPA mwaka 1992, ikarekebishwa 2015. Inataka wafundishwe kila mwaka kwa namna wanayoielewa, hata ikibidi kupitia mkalimani. Hapo safi.

Ila mafunzo si leseni. Zile dawa za hatari zaidi zinatumiwa na mwenye cheti, au mtu anayesimamiwa naye, na mitihani ya cheti iko chini ya majimbo. California na Washington zina mitihani ya aina hiyo kwa Kihispania. Pengine ni Kiingereza tu, basi fundi wa miaka mingi anabaki kuwa wa kusimamiwa.

Wanaotetea Kiingereza wana hoja, tusiwadharau. Lebo ya dawa imeandikwa kwa Kiingereza, na kule lebo ni sheria. Asiyeisoma atafuataje? Lakini mwaka 2022 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba sehemu za afya na usalama kwenye lebo ziwe na Kihispania pia, kwa kuanza na dawa kali. Hoja yao imepungua nguvu, ingawa haijaisha: kuna wafanyakazi kutoka Mexico ambao lugha yao ya kwanza ni Kimixteki, na Kihispania chenyewe kinawapa shida.

Kwa nini nahangaika na mambo ya mbali? Nikiwa kidato cha kwanza, baba alinipa chupa ya dawa ya nyanya nimsomee maelezo. Yalikuwa ya Kiingereza. Nilitamka kila neno vizuri, ila sehemu ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna sikuielewa. Nikaona aibu, nikairuka. Baba akaniamini, maana mimi ndiye msomi.

Siku ile tungepewa mtihani wa Kiingereza, ningempita baba kwa maksi nyingi tu. Na mimi ndiye niliyekuwa hatari.

Kwa hiyo tukienda mazoezi ya kufundisha, kabla ya kutunga swali tujiulize: mwanafunzi akikosa hapa, atakuwa hajui somo, au hajui lugha niliyomuulizia? Kama hatuwezi kutofautisha, swali hilo bado halijaiva.