Nani Mwenye Haki ya Kurusha Mchezo? Maswali ya Wakazi wa Meru na Embu Kuhusu Matangazo ya Michezo ya Vyuo na Utazamaji wa Mtandaoni

Mechi ya vyuo inayochezwa Nchiru leo inaweza kutazamwa Runyenjes kwenye simu, na mzazi aliye Maua anatamani kumwona mwanawe akikimbia mashindano ya vyuo nchini Marekani. Maelezo haya yanajibu maswali yanayoulizwa na watazamaji, wenye vibanda vya mpira, vijana wanaorusha video, walimu wa michezo na familia za wanariadha. Picha za mchezo zina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana wajibu. Mtazamaji, mchezaji na mtoto nao wana haki zao.

MISINGI

Haki za matangazo ni nini?
Ni mamlaka ya kupiga picha za mchezo na kuzifikisha kwa umma kupitia televisheni, redio au mtandao. Mchezo wenyewe hauna hakimiliki, yaani haki ya kisheria ya mtu kuamua kazi yake itumiwe vipi. Kinacholindwa ni picha zilizorekodiwa na matangazo yaliyorushwa, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huyalinda matangazo kwa miaka 50.

Kama mchezo hauna hakimiliki, mwandaaji anauza nini?
Anauza nafasi ya kuingia uwanjani na kamera. Kwa kuwa ndiye anayesimamia uwanja na mashindano, anaweza kuweka masharti langoni na kufanya mkataba na kituo kimoja au zaidi. Mkataba wa kituo kimoja tu huitwa mkataba wa kipekee.

Utiririshaji ni nini?
Ni kutazama video kadiri inavyofika kwenye simu au kompyuta, bila kuipakua yote kwanza. Mwandaaji anaweza kuuza haki za televisheni kwa kampuni moja na za mtandao kwa nyingine. Ndiyo maana mechi inaweza kuwa kwenye televisheni na isipatikane kwenye programu ya simu.

Michezo ya vyuo na shule zetu ina mwenyewe?
Ndiyo, na haki hizo huanzia kwa mwandaaji. Mashindano ya vyuo vikuu husimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Vyuo Vikuu Kenya (KUSF), na ya sekondari na Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya (KSSSA). Mechi ya kirafiki, kwa mfano kati ya Chuo Kikuu cha Embu na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, huamuliwa na vyuo vyenyewe; uliza ofisi ya michezo ya chuo mwenyeji.

Je, kutangaza mchezo redioni nako kunahitaji idhini?
Mtangazaji anayeketi uwanjani kuusimulia mchezo kwa Kimeru au Kiembu anahitaji ruhusa ya mwandaaji, kwa sababu ameingia kwa kazi ya utangazaji. Kutoa matokeo na habari za mechi baada ya kuchezwa ni kazi ya kawaida ya habari na haimilikiwi na yeyote.

KWA MTAZAMAJI

Nimetumiwa kiungo cha kutazama mechi bure. Nikifungue?
Angalia kwanza kama kimetoka kwenye ukurasa rasmi wa chuo, shirikisho au kituo cha televisheni. Tovuti za wizi wa matangazo mara nyingi huficha programu hasidi, yaani programu zinazoingia kwenye simu kuiba taarifa. Kiungo kikidai usakinishe programu usiyoijua au uingize neno lako la siri, kifunge.

Watu husema tovuti ikifunguka bila kuzuiwa ni halali. Ni kweli?
Dhana hii imeenea, na inaeleweka kwa nini, lakini kufunguka kwa tovuti hakuthibitishi kuwa ina idhini. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliziamuru kampuni za intaneti za Safaricom na Jamii Telecommunications kufungia tovuti 141 zilizorusha michezo bila idhini, katika kesi ya kampuni ya televisheni ya kulipia ya MultiChoice Kenya. Kabla ya amri hiyo, tovuti hizo zilikuwa zikifunguka kama nyingine yoyote.

Kutumia VPN ni kosa?
VPN ni programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni, na kuwa nayo si kosa. Benki na ofisi nyingi huitumia kulinda taarifa. Ukiitumia kujifanya uko nchi nyingine ili kutazama mchezo, unaweza kuvunja masharti uliyokubali ulipojisajili, na huduma ikafunga akaunti yako. VPN za bure zisizojulikana nazo zinaweza kukusanya taarifa zako.

Mechi moja itakula bando kiasi gani?
Video ya ubora wa kawaida hutumia hadi karibu GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu hadi karibu GB 3. Mpira wa dakika 90 pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili, basi piga hesabu kabla ya kununua bando. Kupunguza ubora wa picha kwenye mipangilio ya programu huokoa data nyingi.

Nimelipa kwa M-PESA na mechi haikufunguka. Nifanye nini?
Wasiliana kwanza na kampuni uliyoilipa. Kama ulituma pesa kwa namba ya mtu kimakosa, peleka ujumbe wa M-PESA wa muamala huo kwa 456 mara moja kuomba urejeshewe. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwa 333, bila malipo. Hakuna huduma halali ya kutazama mpira itakayokuuliza PIN yako.

KWA WANAORUSHA KWA SIMU

Naweza kurusha mechi ya chuo mubashara kwenye Facebook au YouTube?
Unaweza ukipata ruhusa, na vyuo vingi vitafurahi kuonekana. Omba kwa maandishi, hata kwa barua pepe fupi, ukitaja siku, mchezo na ukurasa utakaotumia. Kama mashindano yameuzwa kwa kituo kingine, chuo mwenyeji hakiwezi kukupa kisichokuwa nacho.

Na nikielekeza simu kwenye televisheni, nirushe kinachoonyeshwa?
Hapana. Hayo ni matangazo ya mtu mwingine, na kuyarusha tena bila idhini yake ni kukiuka hakimiliki hata kama hutozi watazamaji chochote.

Nikiandika “similiki haki za video hii”, nimelindwa?
Maneno hayo huandikwa kwa nia njema, na wengi huyaamini, lakini hayampi mtu ruhusa. Kinachokulinda ni idhini ya mwenye haki au matumizi ambayo sheria yenyewe inayaruhusu.

Sheria inaruhusu nini bila idhini?
Inaruhusu matumizi ya haki, yaani matumizi ya kiasi kwa ajili ya jambo kama kuripoti habari za sasa, uhakiki, utafiti au matumizi binafsi. Sekunde chache za bao ndani ya taarifa ya habari, chanzo kikitajwa, ni tofauti na kuweka mabao yote ili kuvuta wafuasi. Ukiwa na shaka, omba idhini.

Video yangu imeondolewa nami niliipiga mwenyewe kwa ruhusa. Nina haki gani?
Marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliweka utaratibu wa notisi ya kuondoa: mwenye haki huiandikia kampuni ya intaneti, nayo huzuia maudhui ndani ya saa 48 za kazi isipopokea pingamizi. Wewe unaweza kupeleka notisi ya kupinga pamoja na barua yako ya idhini. Kutoa notisi ya uongo kwa makusudi ni kosa la jinai.

KWA WENYE VIBANDA VYA MPIRA

Nimelipia dekoda yangu kila mwezi. Kwa nini nisiitumie kibandani?
Malipo ya nyumbani ni ya kutazama na familia yako. Kuonyesha wateja ni kufikisha matangazo kwa umma, na kampuni za televisheni ya kulipia zina vifurushi vya biashara kwa ajili hiyo. Waulize bei na masharti kwa maandishi kabla ya kuanza, maana kesi ya hakimiliki inaweza kuishia kwa faini au kifungo.

Nahitaji vibali gani vingine?
Unahitaji kibali cha biashara cha kaunti yako, na kaunti itakagua pia usalama wa moto. Ukionyesha filamu, unahitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya (KFCB). Ukicheza muziki, lipia kupitia chama kilichopewa leseni na Bodi ya Hakimiliki Kenya (KECOBO). Mtu akija kudai ada, omba kitambulisho na barua ya mamlaka, lipa kwa njia rasmi pekee na udai risiti.

Wateja wangu watakuwaje salama?
Acha njia ya kutokea wazi muda wote, na waya za umeme zifungwe na fundi mwenye leseni. Weka idadi ya watu inayotoshea ukumbi, hata usiku wa fainali. Mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari Kenya, basi usikubali ubashiri wa watoto ndani ya kibanda chako.

KWA VYUO, SHULE NA TIMU

Kampuni inataka kurusha michezo yetu. Mkataba uwe na nini?
Uandike ni michezo ipi, kwa muda gani, kwenye televisheni, redio au mtandao, na kama ni wa kipekee. Uandike pia nani atabaki na picha baada ya mkataba kwisha, fedha zitagawanywaje, na kama chuo kinaweza kutumia vipande kwenye ukurasa wake. Mpe wakili ausome kabla ya sahihi. Mkataba wa kipekee wa miaka mingi hufunga milango mingine yote.

Kampuni ikijiondoa katikati itakuwaje?
Hilo ndilo swali ambalo timu nyingi husahau kuuliza. Mwaka 2017 SuperSport ilijiondoa Ligi Kuu ya Kenya baada ya mvutano kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18, na klabu zilizozoea fedha hizo zikapata shida. Mwaka 2023 shirikisho la soka lilitia sahihi mkataba wa miaka 7 na Azam TV. Mkataba wenu useme notisi ni ya muda gani na malipo gani hubaki yakidaiwa.

Tunaweza kurusha michezo ya wanafunzi wadogo?
Picha ya mtoto ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tumeni fomu za idhini mwanzoni mwa muhula, na msionyeshe jina kamili, makazi wala hali ya afya ya mtoto.

Je, mchezaji mtu mzima ana usemi?
Ana usemi. Aelezwe mapema kwamba mchezo utarushwa, na picha yake isitumiwe kwenye tangazo la biashara bila ridhaa yake. Akiumia uwanjani, kamera ziondolewe kwake. Heshima ya majeruhi ni sehemu ya usalama.

KWA FAMILIA ZENYE WANARIADHA MAREKANI

Kwa nini mashindano ya chuo cha mtoto wangu hayaonekani Kenya?
Haki huuzwa nchi kwa nchi, na huduma isiyo na haki za Kenya hufunga picha hapa. Mwombe mtoto aulize ofisi ya riadha ya chuo chake. Baadhi ya mashindano hurushwa kwenye kurasa za vyuo zinazofunguka popote.

Nani huuza haki hizo huko?
Vyuo hujikusanya katika makundi ya mashindano yanayoitwa konferensi, na tangu Mahakama ya Juu ya Marekani iamue mwaka 1984 kwamba chama cha michezo cha NCAA kisihodhi haki za televisheni za kandanda ya Kimarekani, konferensi na vyuo huuza haki hizo vyenyewe. Mwaka 2022 konferensi ya Big Ten ilifanya mikataba ya miaka 7 na Fox, CBS na NBC, sehemu yake ikiwa ya mtandaoni.

Mikataba hiyo inamgusaje mwanariadha Mkenya?
Inaweza kubadilisha mahali anaposhindana na umbali anaosafiri. Mwaka 2023 konferensi ya Pac-12 ilikosa mkataba wa kuridhisha, baada ya Apple kutoa ofa iliyotegemea idadi ya watakaojisajili, na kufikia 2024 vyuo 10 kati ya 12 vilikuwa vimehama. Oregon, chuo alichokiwakilisha mkimbiaji Edward Cheserek, kilikwenda Big Ten. Washington State, alikosoma mkimbiaji Henry Rono alipovunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978, kilibaki na mwenzake mmoja.

Tunasikia vyuo sasa vinawalipa wanamichezo. Mtoto wetu atalipwa?
Ni kweli kwamba makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi Juni 2025 yaliruhusu vyuo kuwagawia wanamichezo sehemu ya mapato. Si kila chuo wala kila mchezo utalipa, na mwanafunzi mwenye viza ya masomo ya F-1 ana mipaka mikali ya kufanya kazi. Asitie sahihi chochote kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni, na familia isimlipe wakala anayeahidi fedha hizo.

MALALAMIKO

Nipeleke wapi malalamiko?
Anza na kampuni yenyewe na uombe namba ya malalamiko. Usiporidhika, masuala ya huduma ya mawasiliano na utangazaji yapeleke kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ya hakimiliki kwa KECOBO, na ya picha au taarifa binafsi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi ndani ya siku 90. Utapeli uripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe na upewe namba ya OB.

Niende na nini?
Beba kitambulisho, ujumbe wa malipo, picha ya skrini inayoonyesha tarehe na anwani ya ukurasa, na nakala ya mkataba au barua ya idhini. Usifute ujumbe wowote, hata unaokuudhi, hadi shauri liishe. Kama fomu ya mtandaoni inakusumbua, Huduma Centre za Meru na Embu zitakusaidia na huduma za eCitizen. Jambo likifika mahakamani, tafuta ushauri wa wakili, kwa kuwa maelezo haya ni ya jumla.