Kuchagua Njia Katika Milima ya Theluji

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huifahamu theluji kwa kuiona kwa mbali, juu ya kilele cha Kilimanjaro. Katika milima ya Alps, barani Ulaya, theluji hufunika miteremko kwa miezi mingi ya majira ya baridi. Wako watu wanaosafiri humo kwa skii, yaani mbao ndefu nyembamba zifungwazo miguuni. Wapandapo mlima hubandika chini ya mbao hizo vitambaa vyenye manyoya yaliyolala upande mmoja, ili wasirudi nyuma. Washukapo huviondoa, wakateleza. Nje ya viwanja vyenye ulinzi hakuna barabara wala vibao. Kila kundi hujichagulia njia, na mara nyingi uchaguzi huo ndio uamuao kama wote watarudi salama.

Chanzo cha hatari

Hatari kubwa ni poromoko la theluji. Theluji hujipanga tabaka juu ya tabaka, kila moja kwa hali ya hewa ya siku zake. Baadhi ya matabaka hushikana barabara. Mengine huwa na fuwele kubwa zisizoshikana, mfano wa sukari. Upepo ukirundika theluji nyingine na kuikandamiza juu ya tabaka dhaifu, hutokea bamba lililokaa juu ya msingi mbovu. Uzito wa mtu mmoja waweza kutosha kuuvunja msingi huo. Ufa husambaa kwa kasi, na bamba zima huteleza. Katika ajali nyingi za wasafiri wa skii, poromoko huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake wa msafara.

Mtu aliyefukiwa hukosa hewa upesi. Nafasi yake ya kuokoka huanza kupungua sana baada ya dakika 10 hadi 15, na waokoaji kutoka bondeni ni nadra kufika mapema hivyo. Kwa hiyo kinga iliyo bora ni njia yenyewe.

Kipimo cha kutegemewa

Watafiti wa Uswisi walianza mwaka 1936 kuchunguza theluji huko Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos. Uchunguzi wa namna hiyo umeonyesha kwamba nguvu ya matabaka hubadilika kutoka mahali hadi mahali, hata katika mteremko mmoja. Shimo moja lililochimbwa haliwezi kuueleza mlima mzima. Mwinamo wa mlima, kinyume chake, waweza kupimwa mezani kabla ya safari. Maporomoko ya bamba huanza hasa penye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Chini ya nyuzi 30 ni nadra kuanza. Penye wima zaidi theluji huanguka kidogo kidogo kabla ya kurundikana.

Mwaka 1993 nchi za Ulaya zilikubaliana juu ya ngazi 5 za hatari, ambazo hutangazwa katika taarifa za theluji. Mwongoza wapanda milima wa Uswisi, Werner Munter, alibuni njia ya kuunganisha hatari ya siku na mwinamo. Kanuni yake ya msingi ni hii: katika ngazi ya 2, msafiri abaki chini ya nyuzi 40, katika ngazi ya 3, chini ya 35, katika ngazi ya 4, chini ya 30. Katika ngazi ya 5 asiende.

Mfano wa hesabu

Tuchukue ramani ya skeli ya 1:25,000, ambayo kontua zake zimeachana kwa kimo cha mita 20. Njia mbili zaelekea kwenye pengo moja la mlima, na taarifa ya siku yasema ngazi ya 3.

Njia ya kwanza ni fupi. Katika sehemu yake ya wima zaidi, nafasi 5 za kontua zina milimita 5.5, yaani 1.1 kila moja. Umbali wake ardhini ni mita 27.5. Tukigawa 20 kwa 27.5 twapata tanjenti ya 0.73, ambayo ni nyuzi 36. Njia hiyo haifai siku hiyo.

Njia ya pili yazunguka juu ya mgongo wa mlima. Nafasi 5 zina milimita 9, yaani 1.8 kila moja, au mita 45 ardhini. Tanjenti ni 0.44, na mwinamo nyuzi 24. Njia hiyo yafaa, iwapo hakuna mteremko mkali juu yake. Maana ufa ulioanzia penye tambarare waweza kupanda na kuliangusha bamba la juu.

Mambo ya kuongeza

Kipimwe kipande kilicho wima zaidi, wala si wastani wa mteremko. Yaepukwe makorongo na kingo za magenge, ambako hata poromoko dogo huua. Katika Alps, miteremko ya kaskazini isiyopata jua huhifadhi matabaka dhaifu kwa muda mrefu. Majira ya kuchipua, ile ya kusini hulegea kadiri jua linavyopanda. Kila njia iwe na mahali pa kugeukia.

Zoezi

Katika ramani hiyo hiyo, nafasi 4 za kontua zina milimita 4. Je, mteremko huo wapitika? Mwinamo wake ni nyuzi 39 hivi. Kwa kanuni ya msingi, katika ngazi ya 2 waruhusiwa. Katika ngazi ya 3 wakatazwa. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni siku.