Clamecy, Mji Uliowasha Moto wa Paris

Kila mwenye kuinjika chungu ajua thamani ya kuni. Mji mkubwa hauna msitu, wala hauwezi kupika na kuota moto ila kwa kuni zitokazo mbali. Leo tutajifunza habari za Clamecy, mji mdogo wa Ufaransa ambao kwa zaidi ya miaka 300 uliupelekea mji wa Paris kuni kwa njia ya mto.

Mahali Penyewe

Clamecy upo katika jimbo la Nièvre, pale mto Beuvron unapoingia katika mto Yonne. Mto Yonne nao huingia katika mto Seine, ambao hupita katikati ya Paris, zaidi ya maili 100 kutoka hapo. Karibu na mji kuna vilima vya Morvan, vyenye misitu mikubwa.

Kazi ya Vyelezo

Katika karne ya 16 misitu ya karibu na Paris haikutosha tena. Ndipo wafanya biashara walipoyatazama maji ya Yonne. Mmoja wao, Jean Rouvet, hukumbukwa pamoja na mwaka 1549, na sanamu yake imewekwa darajani Clamecy.

Kazi ilikuwa hivi. Miti ilikatwa Morvan, na kila tajiri aligonga alama yake kwenye ncha za magogo. Maji ya vijito yalizuiwa katika mabwawa. Yalipofunguliwa, yaliyachukua magogo kwa nguvu hata Clamecy. Huko watu waliyaopoa kwa kulabu, wakiwa wamesimama katika maji ya baridi, wakayabagua kwa alama na kuyapanga yakauke. Baadaye yalifungwa kwa fito yakawa chelezo chenye urefu wa zaidi ya futi 200. Mtu mmoja alikiongoza kwa upondo, akisaidiwa na kijana. Kilipofika Paris kilifunguliwa, kuni zikauzwa, naye akarudi kwao kwa miguu.

Faida kubwa ilikuwa ya matajiri. Wenye kulowa maji walipata ujira mdogo, na mara nyingi waligoma wakidai haki yao. Mwezi wa Desemba 1851, Louis-Napoléon Bonaparte alipoivunja katiba ya nchi, watu wa Clamecy waliinuka kumpinga, na waendesha vyelezo walikuwa miongoni mwao. Walishindwa, wengi walikamatwa, na wengine wakahamishwa mpaka Algeria, wakaacha wake na watoto.

Mwisho wa Kazi

Adui mkubwa zaidi hakuja na bunduki. Mfereji ulichimbwa, na mashua zikachukua kuni. Kisha ikaja reli, na watu wa Paris wakaanza kuwasha makaa ya mawe. Vyelezo vilikoma kabla ya karne ya 19 kwisha, na magogo ya mwisho yalielea mwaka 1923. Mji uliotegemea kazi moja ulilazimika kutafuta riziki nyingine.

Mambo Yaliyobaki

Mgeni afikapo Clamecy huona kanisa la Mtakatifu Martin na mnara wake mrefu wa karne ya 16. Husikia pia jambo la ajabu: kwa karne nyingi, mpaka wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, maaskofu wa Bethlehemu walikaa hapa. Guillaume, mtawala wa Nevers, aliyefariki katika Nchi Takatifu mwaka 1168, alikuwa amewaachia hospitali yake ya Clamecy wapate kimbilio. Mwandishi Romain Rolland, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1915, alizaliwa hapa mwaka 1866.

Na kila tarehe 14 Julai vijana husimama juu ya mashua na kusukumana kwa miti mirefu. Asiyeanguka majini huitwa Mfalme Mkavu. Ni jina la mzaha; lakini katika mji ambao mababu walishinda majini ili wengine waote moto, kila mtu ajua maana yake.