Ufumaji wa Mitandio ya Matundu kwa Sindano

Miezi ya Juni na Julai baridi huzidi katika nyanda za juu za Mbozi na Ileje, Mkoani Songwe, na mitandio ya kufuma huhitajika. Wafumaji wa Tunduma, wakiwemo watumishi wanaofuma baada ya saa za kazi, wanashauriwa kuzingatia hesabu ya vitanzi, kwani kosa la kitanzi kimoja laweza kupoteza kazi ya wiki nzima.

Tundu la urembo si kitanzi kilichodondoka. Uzi huzungushwa mara moja juu ya sindano, kitanzi kikaongezeka. Kisha vitanzi viwili hufumwa pamoja ili idadi irudi ile ile. Kimojawapo kikisahauliwa, mtandio hupanuka au hupinda, na kosa huonekana mistari mingi baadaye. Kufumua nako kuna hatari, maana vitanzi hukimbia. Kwa hiyo kila ua likikamilika, upitishwe uzi laini wa rangi nyingine katika vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano. Kosa likitokea, kazi hufumuliwa hadi hapo tu.

Katika visiwa vya Shetland, Uskoti, wako waliofuma mitandio myembamba hata ikapita katika pete ya ndoa.

Mtandio wa sufu huloweshwa, hukamuliwa bila kusokotwa, kisha huvutwa na kubanwa kwa pini juu ya godoro hadi ukauke. Ndipo matundu hufunguka. Uzi wa akriliki hautulii kwa maji pekee. Huhitaji mvuke wa pasi isiyogusa. Pasi ikigusa, uzi hulegea wala haurudi.