Vipande vya Mbao na Mkono wa Mtoto Mdogo

Katika kata ya Ngana, wilayani Kyela, jirani na Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi, mtoto hukua kati ya migomba, mikakao na mashamba ya mpunga. Msimu wa kupanda unapofika, mtoto wa miezi minane hushinda mgongoni mwa mama au wa dada yake, amefungwa kwa kanga, na mikono yake imo ndani ya nguo. Hakuna la kulaumu hapo: kubebwa humpa joto, usalama na sauti ya mlezi. Linalotakiwa ni kwamba anaposhushwa mkekani, mikono ile ipate kazi.

Kazi hiyo huitwa uratibu wa mkono na jicho. Jicho hupima umbali wa kitu, ubongo huipa misuli amri, nao mkono hufika, hushika na kuachia. Mtoto mchanga hufumba vidole juu ya chochote kinachogusa kiganja chake, bila kukusudia. Kufikia miezi minne au mitano huanza kunyoosha mkono kwa makusudi. Karibu na miezi sita hushika kwa kiganja kizima, kisha huhamisha kitu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kati ya miezi tisa na kumi na miwili hubana punje ya wali kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Kuachia kitu kwa hiari huja nyuma ya kushika, na ndiyo maana mtoto wa mwaka mmoja hutupa kijiko chini mara kumi: anajifunza kuachia, wala si utundu. Umri huu ni wa wastani, na kwa mtoto njiti huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa.

Hapa ndipo kipande cha mbao kinapokuwa na thamani. Kina uzito unaosikika kiganjani, kina pembe na kina pande zilizonyooka; kikiwekwa vibaya juu ya kingine huanguka papo hapo, na mtoto hupata jibu bila kuambiwa na mtu. Friedrich Froebel, mwalimu wa Ujerumani aliyeanzisha shule za chekechea katika karne ya 19, aliweka vipande vya mbao miongoni mwa vifaa vyake vya kwanza. Hata hivyo, watoto wa Kyela hawakumngoja yeye. Pia ya kuchonga, kigari cha mianzi na mtumbwi mdogo wa kuelea kwenye maji ni vitu vya kale kando ya Ziwa Nyasa.

Seremala anayetengeneza milango ana masalia ya mbao ambayo mwisho wake ni jikoni. Akikata vipande kumi vya mraba, kila upande sentimita nne hadi tano, akavipiga randa na msasa mpaka viwe laini, mtoto ana kifaa cha miaka mitatu. Akiwa na miezi sita apewe kimoja mkononi, kisha aonyeshwe cha pili; mlezi atazame kama atakihamisha cha kwanza au atakiangusha. Katika miezi kumi agonganishe viwili mbele ya kifua. Karibu na miezi kumi na mitano wengi huweka kimoja juu ya kingine. Kwenye miezi kumi na minane mnara hufika vipande vitatu au vinne, na kwenye miaka miwili, vipande sita. Kwa mtoto aliyetimiza mwaka huongezwa ubao wenye kigingi kimoja kinene, pamoja na pingili fupi za mwanzi mpana za kuvishwa juu yake. Mkono mmoja hushikilia ubao na mwingine huvisha. Ugawaji huo wa kazi utahitajika baadaye katika kufunga vifungo, kumenya ndizi na kuandika.

Mlezi aketi uso kwa uso na mtoto, aweke kipande mbele ya kifua chake, kisha asubiri. Kusubiri ndiko kugumu. Watu wazima wengi humalizia mnara wenyewe, na mtoto hubaki mtazamaji.

Kwa mhudumu wa afya, vipande hivyo pia ni kipimo. Kipimo cha maendeleo ya mtoto kilichobuniwa Kilifi, nchini Kenya, hukagua mwendo wa mwili na uratibu wa mkono na jicho. Kile cha Malawi, ng'ambo ya Songwe, kilichapishwa mwaka 2010 baada ya kujaribiwa kwa watoto wa vijijini, na kilizingatia vitu wanavyovijua nyumbani.

Dalili moja haifai kupuuzwa. Mama hufika kliniki na mtoto wa miezi tisa ambaye kila kitu hukichukua kwa mkono wa kushoto, akasema, "Huyu amemrithi babu yake." Mtoto wa umri huo bado hajachagua mkono. Akitumia mmoja tu, swali ni kwa nini ule mwingine haufanyi kazi. Kipande kiwekwe upande wa mkono uliotulia, na ule mzuri ushikwe taratibu. Kidole gumba kikibaki kimefichwa ndani ya ngumi, mkono ukikakamaa, au mguu wa upande huo nao ukiwa mzito, huenda ni mtindio wa ubongo. Mama aulizwe, bila kumtia hatiani, kama mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, alipata manjano kali, au aliwahi kupata degedege au malaria kali. Rufaa iandikwe siku hiyo hiyo, kwa maana ubongo wa mtoto mdogo hujifunza njia mpya kwa urahisi kuliko wa mtoto wa miaka mitano.

Kuhusu usalama, kila kinachopita katika tundu la ukubwa wa sentimita tatu na nusu kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Rangi haihitajiki, kwani nyingine zina madini ya risasi, na mtoto atakiweka kipande mdomoni. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa au oili chafu zisitumike kabisa, hata zikikwanguliwa. Vipande vioshwe kwa sabuni na kukaushwa vizuri, na chenye ufa au kibanzi kirudi kwenye msasa kabla ya kurudi mkekani.